Filimbi Iliyovuka Mlima

Si ndege, shangazi. Ndege hawakumwambia mtu yeyote ashike panga.

Ndivyo nilivyomjibu jioni ya leo, na yeye alikuwa anamenya ndizi wala haniangalii. Alikuwa amerudia tena maneno yake yale yale, kwamba msitu wa bibi umemalizwa na ndege wangu na mwalimu wangu. "Mngekaa nyumbani mkatulia," alisema, "nani angeukumbuka huo msitu wakati huu wa vita? Ulikuwa umelala. Nyinyi mkaenda kuuamsha."

Nikamwambia anaongea kama mtu ambaye hakuwepo kwenye mkutano. Akaniambia mimi naongea kama mtu aliyesoma. Hilo akilisema yeye, kwa sauti yake ile, ni tusi. Nikatoka nje, kwa sababu bibi alikuwa chumbani anasikia kila kitu, na pia kwa sababu nusu ya maneno ya shangazi yalikuwa ya kweli.

Basi nayaandika yalivyokuwa, tangu mwanzo, kabla kila mtu hajayapindisha anavyotaka.

Bibi yangu, mama yake baba, ni mmoja wa watu walioteremshwa kutoka mlimani wakati wa Operesheni ya kuhamia vijijini. Zamani watu wetu walikaa kule juu, kila mtu kwenye migomba yake, nyumba moja hapa, nyingine ng'ambo ya kijibonde, na juu yao msitu. Halafu yakaja malori na mgambo, paa zikaezuliwa, tukapangwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari kama madawati. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi, na sitaki kudanganya, nilifurahi. Shule karibu, zahanati karibu, na bomba lilitoa maji mwaka mzima wa kwanza. Bibi hakufurahi. Aliacha kule juu mume wake na watoto wake wawili, wamelala nyuma ya nyumba kwenye migomba, kama watu walivyozikwa siku zile. Misalaba ya mbao ililiwa na mchwa. Kilichobaki kuonyesha mahali ni mti wa umuvumu, ule ambao wazee walikuwa wanabandua magome yake na kuyaponda yawe nguo. Babu aliupanda mwenyewe alipojenga. Kila mwaka bibi alipanda na kajembe kafupi kwenda kupalilia pale, mpaka magoti yalipokataa. Msitu nao ukawa unashuka polepole kwenye mashamba yaliyoachwa, ukayameza.

Sasa ardhi ya kando ya barabara ilichoka. Kijiji kikasema shamba la ujamaa lipelekwe juu, msitu ukatwe, yapandwe maharage na mahindi. Mimi nilikuwa shuleni, bwenini, lakini mkutano ule nimesimuliwa na watu wengi mpaka ni kama niliuona. Bibi alisimama akasema kule kuna makaburi. Mwenyekiti wetu si mtu mbaya, na ni ndugu yetu kwa ukoo. Akamjibu kwa heshima, "Mama, hata baba yangu mimi yuko huko juu. Tukianza kuzunguka kila kaburi tutalima wapi, barabarani?" Watu wakacheka. Bibi akakaa chini.

Halafu vita vikaanza, vijana wenye nguvu wakaenda kupigana na nduli aliyetuvamia, na kazi ya kukata msitu ikasimama kwa kukosa mikono. Haikufutwa, ilisimama tu.

Nilipomaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani kusubiri matokeo. Kusubiri ni kazi nisiyoiweza. Nilifagia ua mpaka shangazi akaniambia nitachimba kisima. Siku moja bibi akaniita, akaniweka mbele yake kwenye mkeka, akaniambia kwa Kihangaza, maana Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi tu, "Wewe umesoma. Watu wa serikali hawasikii habari za wafu wangu. Wanasikia habari gani?"

Nilifikiri, nikamjibu bila kupima, "Labda za wanyama, bibi. Wanyama wana ofisi yao."

"Kule hakuna mnyama siku hizi. Kuna ndege."

"Basi za ndege."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini kesho yake akaniuliza kama nimeshamwita yule mtu wa ndege.

Mtu wa ndege alikuwa mwalimu wangu wa bayolojia, mzee kidogo, mwenye mvi, kwao Upareni. Shuleni alikuwa anafundisha na michezo pia. Kila likizo alibeba darubini ya kuazima kwa mapadri akaingia porini. Misitu ya Biharamulo alikuwa ameshaipita. Alisema ile ni ya chini, ya miti mikavu, ina ndege wake. Alichokuwa anakitafuta ni msitu wa juu, wa baridi, wenye ukungu. Aliamini kwamba kwenye milima yetu huku, jirani na Burundi, kuna ndege mmoja, kurumbiza wa kifua cha rangi ya machungwa, ambaye wataalamu wanadhani hayupo upande wa Tanzania. Alikuwa anatuambia hayo darasani na sisi tunasinzia. Nilipompelekea ujumbe kwa dereva wa lori la misheni kwamba nyumbani kwetu kuna msitu wa namna hiyo na unataka kukatwa, alikuja na lori lile lile liliporudi.

Tulikwenda kwa mwenyekiti, mwalimu, mimi na baba mdogo. Baba mdogo ni mtoto wa mwisho wa bibi. Jeshi lilimwacha kwa sababu ya mguu wake mmoja mfupi, na ndiye aliyepewa kutusindikiza, kwa sababu msichana hawezi kuingia msituni na mwanaume asiye ndugu hata kama ana mvi. Shangazi ndiye aliyetoa hukumu hiyo, na safari hiyo sikubishana naye.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti," nilimwambia, nikaeleza haja yetu.

"Marahaba. Mimi sina ugomvi na ndege," mwenyekiti alisema. "Mwalimu akirudi na jambo la maana, nitampa barua aipeleke Maliasili mkoani, na mpaka wajibu, mti haukatwi. Akirudi mikono mitupu, kiangazi hiki hiki tunaanza." Halafu akanyoosha kidole. "Hiyo shingoni ni nini?"

Ilikuwa filimbi. Mwalimu hakuivua hata kanisani, ni mazoea ya mtu wa michezo.

Hapo lazima nieleze. Zamani hatari yoyote kwetu ilipigiwa yowe: chui, moto, mwizi. Vita vilipoanza ikaamriwa kwamba yowe linachanganya watu. Kwa adui itumike filimbi peke yake, na kila anayeisikia atoke na silaha aliyonayo. Tulilishika agizo hilo kiasi kwamba hata mpira ulichezwa bila filimbi. Refa alipeperusha shati, wachezaji wakajifanya hawalioni, na mechi ziliishia kwenye ngumi.

Mwenyekiti akamwambia mwalimu aiache. Mwalimu akaomba, kama mtoto. Alisema yule kurumbiza sauti yake ni ya filimbi kabisa, ndefu, inapanda mwishoni, na hajitokezi mpaka asikie mwenzake anamjibu. Bila filimbi ni kwenda kuangalia majani.

Mwenyekiti alifikiri sana, tena ilikuwa haki yake kukataa. Mwishoni akampa mtu kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kutangaza: filimbi itakayosikika kutoka msituni siku hizi ni ya mwalimu, mtu asitoke. Mabalozi wote wa nyumba kumi wakaambiwa. Bibi alifurahi, shangazi akaridhika, mimi nikaona tumefanya kila kitu kama serikali. Hakuna hata mmoja wetu, mwenyekiti, baba mdogo, mimi niliyesoma jiografia, aliyekumbuka kwamba mlima una upande wa pili.

Tulipanda asubuhi. Njia ilipita kwenye viunga vya zamani, na baba mdogo alikuwa anatutajia: hapa fulani, hapa fulani. Nyumba hazikuwepo. Migomba ilikuwa imerudi porini, myembamba, haizai. Pale kwa babu tulisimama. Baba mdogo akavua kofia. Mwalimu, bila kuambiwa, akavua yake. Mimi nilikuwa nataka tuendelee, jua lilikuwa linapanda, na nasikitika kusema kwamba nilikuwa naangalia juu kwenye ukingo wa msitu wakati wao wanaangalia chini.

Ndani ya msitu kulikuwa na giza la kijani na ubaridi wa chungu cha maji. Ukungu ulikaa kwenye matawi mpaka karibu na saa sita. Nilidhani kutafuta ndege ni kutembea. Kumbe ni kukaa. Unakaa kwenye mzizi, siafu wanakutembelea, mbu wanakula, na hairuhusiwi kukohoa. Nikihamisha mguu, mwalimu ananiangalia kama alivyoniangalia nikichungulia kwa jirani kwenye mtihani.

Lakini waliokuja, walikuja. Alipita shorobo, mzito, anarukaruka kwenye tawi kama kuku aliyepotea, halafu akafungua mabawa na ndani yake kukawa na wekundu ambao sijauona hata kwenye kanga mpya. Walipita hondohondo wawili wakipiga kelele za ndoa. Vilipita vindege vidogo vya kijani vingi sana, mwalimu akavitaja kwa Kilatini huku machozi yanamlenga. Baba mdogo kwa kila ndege alikuwa na swali moja.

"Mwalimu, huyu analiwa?"

"Hapana, baba. Haliwi."

"Na yule?"

"Wewe kila ndege unaniuliza kama analiwa?"

"Sasa mimi nitamjuaje, mwalimu? Nyinyi mnawajua kwa miwani, sisi tunawajua kwa mchuzi."

Mwalimu alicheka mpaka akaharibu ukimya wake mwenyewe, na tukasubiri tena mpaka msitu utusamehe. Usiku tulilala kwenye kibanda walichoacha warina asali. Tulikula viazi vitamu vya kuchoma na maharage yasiyo na mafuta, kwa sababu mafuta hayakuwepo mahali popote, wala sabuni. Kesho yake ikanyesha kutwa nzima. Nilimwambia baba mdogo kwamba kama kurumbiza hayupo basi hayupo, turudi. Akaniambia, "Mama hakukutuma kuchoka." Niliona aibu, lakini kuchoka sikuacha.

Siku ya kurumbiza mvua ilikuwa imekatika. Tulikuwa juu kabisa, karibu na mgongo wa mlima, kwenye kijito kilichojaa mawe yenye utando wa kijani. Mwalimu akanyanyua kidole. Mimi sikusikia kitu. Halafu nikasikia: mbali kidogo, chini ya vichaka, sauti moja ndefu, nyembamba, inayopanda mwishoni kama mtu anayeuliza.

Mwalimu alitia filimbi mdomoni akapuliza kidogo sana, kwa pumzi ya kupoza chai. Kimya. Akapuliza tena. Yule akajibu, na safari hii karibu zaidi. Baba mdogo akanishika mkono akanifinya. Wakajibizana hivyo, ndege na mwalimu, kwa muda mrefu, na kila mara mwalimu alipuliza kwa nguvu zaidi kwa sababu yule alikuwa anasita, anakuja, anasita. Mara ya mwisho alipuliza filimbi kamili, ya kuanzisha mpira.

Akatoka. Alisimama juu ya jiwe, mdogo kuliko nilivyotegemea, mgongo wa kahawia wa kawaida tu, na kifua kama punje ya mahindi inayochomwa, pale inapoanza kuiva. Alitikisa mkia. Akatuangalia. Mimi darubini nilipewa mara moja tu, lakini hata bila darubini nilimwona. Nilijisikia nimeshika barua ya Maliasili mkononi. Nilimwona bibi na magoti yake ameketi chini ya umuvumu wake. Mwalimu alikuwa ananong'ona, "Yupo. Yupo kwetu. Yupo."

Ndipo nyuma yetu, upande wa pili wa mlima, filimbi ikajibu. Si ya ndege.

Ikajibu na nyingine, chini zaidi. Halafu sauti za watu, wengi, wanapanda wanakimbia. Kurumbiza aliruka akaingia kichakani, na mpaka leo sijamwona tena.

Walitokea kwenye miti wametawanyika kama walivyofundishwa, wana mapanga, mikuki, pinde, na mmoja ana gobole la babu yake. Mbele alikuwa kijana wa mgambo, shati limejaa jasho, macho mekundu. "Mikono juu! Laleni chini!"

"Sasa tufanye lipi, ndugu?" baba mdogo aliuliza, mikono juu.

"Wewe usinichezee!" Alimnyang'anya mwalimu darubini. "Hii mnaangalia nini? Kambi? Barabara?"

"Kurumbiza," mwalimu alisema.

"Nani huyo?"

Nikaanza kueleza kwa Kiswahili changu cha shule, kwa kasi, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na jasusi. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa na mkuki akasogea, akamtazama baba mdogo miguuni, akaanza kucheka. "Jamani, subirini. Mguu huu naujua. Si wewe mtoto wa mama wa kwenye umuvumu? Tumekimbia mlima mzima tukamkamate nduli, kumbe ni kigulu wetu!"

"Ni mimi, na wewe bado una deni la kunishinda mbio," baba mdogo akamjibu, na mikono yake bado iko juu.

Walikuwa jirani zetu. Ndilo jambo ambalo mpaka sasa halinitoki. Zamani watu hawa walikaa ng'ambo tu ya mgongo wa mlima, wakichota maji kwenye kijito kile kile, wakipeana mbegu za maharage na moto wa kuwashia. Operesheni ilipokuja, sisi tuliteremshwa upande wa barabara yetu, wao upande wa barabara yao. Kwenda kwao kwa barabara unazunguka kupitia Murusagamba, na kama lori halipo ni safari ya kulala njiani. Kwa hiyo kichwani mwetu wakawa mbali. Tuliwahesabu watu wa mbali, kama watu wa Mbuba. Mwenyekiti alipotuma tangazo, alilituma mpaka pale barabara yetu inapoishia, na sisi wote tuliona linatosha. Filimbi haikuzunguka na barabara. Ilivuka mlima, ikafika kwao kama zamani yowe la bibi lilivyofika.

Nyuma ya wanaume walikuja akina mama na vibuyu vya maji, na mmoja wao, mzee kama bibi, alimshika baba mdogo mashavu. "Mama yako bado yupo?"

"Yupo. Magoti tu, mama."

"Miaka yote hii namwombea kama marehemu!" Akakaa chini kwenye majani, analia na kucheka. "Kumbe yuko hapo. Hapo chini."

Laiti ingeishia pale. Kama yule kijana wa mgambo angecheka na wenzake, tungekula viazi vyao tukarudi. Lakini alikuwa kijana aliyeachwa na wenzake waliokwenda vitani, na amri aliyopewa ndiyo vita vyake. Sasa namwelewa. Siku ile nilimchukia. Alisema watu waliokamatwa wakiwa na filimbi na darubini lazima wafike ofisini, na alikuwa sahihi. Tuliteremka kwao. Tulilala kwenye ofisi yao ya kijiji tukilindwa na watu wanaotuletea ndizi na maharage na kutuuliza habari za nyumbani. Mwenyekiti wetu alipopata habari alikuja na lori la pamba akatutetea, tukaachiwa. Lakini habari ilikuwa imeshapanda juu, na siku chache baadaye katibu tarafa mwenyewe akaja kijijini kwetu kufanya mkutano wa vijiji vyote viwili.

Hakutukaripia. Ingekuwa nafuu angetukaripia. Alisema kwa upole kwamba watu watatu wamekaa kwenye msitu ule siku kadhaa, katikati ya vijiji viwili, wakati wa vita, na kama wasingepiga filimbi wenyewe hakuna ambaye angejua. Je, wangekuwa adui?

Mwalimu alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la darasani. Alieleza habari za kurumbiza vizuri kuliko alivyowahi kufundisha somo lolote, alieleza kifua, sauti, milima, na kwamba labda ni hapa tu. Watu walisikiliza kweli. Hata watoto.

"Mwalimu," katibu tarafa alisema, "sina sababu ya kukubishia. Lakini vijana wetu wako mbele. Nikiulizwa kesho kwa nini niliacha kichaka cha kuficha watu, nijibu kurumbiza?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alibaki amesimama kidogo, kama mtu aliyesahau kiti chake kiko wapi.

Nilimtazama bibi. Nilitaka asimame, aseme makaburi kwa mara nyingine, aseme chochote. Yeye alikuwa ameshikana mikono na yule mama wa upande wa pili, aliyeletwa na lori la mkutano, wamekaa kama wasichana kanisani. Alikuwa amempata rafiki yake siku ile ile aliyopoteza mahali pa mume wake, na nadhani hakujua aanze na lipi. Hakusimama. Uamuzi ukapita kwa mikono: msitu ukatwe kutoka pande zote mbili, vijiji vikutane juu. Hata baba mdogo alinyoosha. Baadaye aliniambia, "Ningeuweka wapi mkono wangu, na wao ndio walionisamehe juzi?" Mimi sikunyoosha, lakini hilo halikuzuia hata jani.

Mwalimu aliondoka na lori la misheni. Alisema angefika Bukoba kwa Maliasili hata bila barua ya mwenyekiti, na wote wawili tulijua kwamba Bukoba siku zile watu walikuwa wanalala kwenye mahandaki. Alipopanda aliniambia, "Nimemtafuta miaka mingi. Ningejua, ningeendelea kumtafuta tu." Nilitaka kumwambia kitu cha kumfariji, dereva akawasha gari.

Basi ndiyo hayo. Shangazi anasema ndege. Mimi nasema barabara. Tulijifunza kupima dunia kwa barabara mpaka tukasahau mlima wetu wenyewe ulivyo mwembamba. Lakini nikisema hivyo shangazi ananiuliza, "Na hiyo barabara ndiyo iliyobeba filimbi shingoni?" na hapo ndipo ninapotoka nje.

Jioni ya leo sikukaa nje sana. Nilirudi kwa mlango wa nyuma, nikaingia kwa bibi. Alikuwa ameketi kitandani anapaka magoti samli.

"Kesho wanaanza," nilimwambia.

"Nimesikia."

"Bibi, nisamehe. Mimi ndiye niliyesema ndege."

"Ndege lilikuwa wazo zuri," alisema. "Mimi mwenyewe nililipenda. Acha kulialia kwenye nguo yangu, sabuni iko wapi?" Akaendelea kupaka. Halafu akasema, kama mtu anayeuliza bei, "Nataka kujua jambo moja tu. Ni nani atakayepewa kupita pale?"

Sikuelewa mara moja. Ni utaratibu wa shamba la ujamaa: mwenyekiti anavuta kamba, anagawa ngwe, kila mtu kipande chake, na ndani ya ngwe yako ni wewe unayekata kila kitu kilichopo mpaka mwisho. Anaanza kugawa na waliofika kwanza. Aliyefika kwanza anasimama anapotaka; waliochelewa wanasukumwa panapobaki. Kwa hiyo mtu yeyote angeweza kuangukia umuvumu wa babu, kijana mwenye haraka, mtu wa kuimba na kupiga shoka huku anatania, mtu ambaye kwake ni mti tu. Wala asingekuwa na kosa.

"Hajulikani, bibi," nilisema. "Anayewahi ndiye anayechagua."

"Ehe," akasema. Akajilaza akageukia ukutani.

Nilikwenda jikoni. Shangazi alikuwa ameshaivisha ndizi, akanisukumia sahani, na mimi nikaipokea. Baada ya kula nilitafuta jiwe la kunolea. Akaniangalia nikinoa panga la baba mdogo, mimi ambaye siku zote za kazi ya kijiji hufika watu wameshatoka jasho, na akauliza nina nini.

"Kesho nitatangulia," nilimjibu.

Nimeamua. Kesho asubuhi, kabla jogoo hajawika na kabla mwenyekiti hajafika na kamba yake, nitakuwa nimeshapanda peke yangu mpaka pale kwa babu. Nitasimama chini ya umuvumu, na watakaponikuta watanipa ngwe ile, kwa sababu ndiyo sheria. Vichaka nitavikata polepole, nikizunguka mahali wanapolala babu na wanawe wawili, mti nikiuacha mwisho kabisa. Wakiniambia uachwe, nitauacha. Wakiniambia lazima uanguke, hakuna mtu mwingine atakayeugusa. Nitaukata mimi, nikiwa nimevua kitambaa kichwani kama baba mdogo alivyovua kofia, na sitakuwa na haraka.